Usingizi Una Mwenyewe

Kataa. Nakuruhusu kabisa. Kataa kuamini, tena kunja uso hivyo hivyo ulivyoukunja. Lakini mimi ninayesema nawe, kijana niliyeachana na shule kwa amani kidato cha pili bila upande mmoja kumlaumu mwenzake, mimi na benchi la mbao na chupa moja ya kahawa tulikabiliana na mawakili waliodai kwamba usingizi una mwenyewe. Usingizi! Huu huu unaokukamata umekaa, mdomo wazi. Wakasema una mwenyewe, mwenyewe ana mawakili, na mawakili wana barua. Tukawashinda. Cheka kwanza, ukimaliza nitaendelea.

Kijiwe chetu kiko mbele ya saluni ya kunyolea. Benchi lenyewe zamani lilikuwa mlango, hadi leo lina tundu la kitasa, na kila mgeni akikaa hapo lazima atie kidole. Mwenye saluni tunamwita Mkasi ingawa ananyoa kwa mashine. Kahawa ni yake. Huipika mwenyewe asubuhi, akaitia kwenye chupa ambayo mfuniko wake umefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli, na bei ya kikombe ni kumsikiliza. Kushoto kwake hukaa Mheshimiwa, aliyefanya kazi mahakamani miaka kumi na moja akifungua mlango na kuufunga, na tangu astaafu hajaacha kutoa hukumu. Kulia hukaa Chaji, fundi simu, anayeamini kila kitu kinatusikiliza: simu, redio, hata balbu. Mimi wananiita Spidi. Napeleka vifurushi kwa baiskeli, naenda mtaa wa nne na kurudi kahawa yangu bado inafuka moshi. Anayebisha ana wivu.

Vifurushi vyenyewe ni vya dada yangu. Dada anashona foronya. Cherehani yake iko dirishani apate mwanga, nyuma yake meza ya kupigia pasi, na mimi na sahani yangu ya chakula tumeachiwa kona. Kila foronya huikunja mara tatu na kuizungushia ukanda wa karatasi, na kwenye pindo hushona kitambaa kidogo kama ukucha wa dole gumba kilichoandikwa kwa uzi wa buluu: Usingizi. Miaka minne amelilea jina hilo. Ukurasa wake wa mtandaoni unaitwa hivyo, wateja wanautafuta hivyo, kuna mmoja alihama mji na bado anaagiza kwa jina hilo hilo. Picha nazipiga mimi, ndiyo maana zinauza.

Siku hiyo nilifika kijiweni na karatasi mkononi, barua iliyotumwa kwenye ukurasa wa dada, tukaichapisha.

— Someni, nikawaambia. Mkimaliza mnieleze jana mlilala kwa ruhusa ya nani.

Mheshimiwa akaipokea kwa mikono miwili, akavaa miwani, akakohoa kikohozi cha mahakamani, akasoma:

— "Mteja wetu ndiye mmiliki halali wa alama ya biashara iitwayo USINGIZI. Unatakiwa, ndani ya siku saba, kuondoa picha zote za bidhaa zako, kukabidhi ukurasa wako pamoja na wafuasi wake wote, na kulipa gharama za usumbufu. Ukikaidi, hatua kali zitachukuliwa bila taarifa nyingine."

Mkasi akaizima mashine yake, mteja kitini kabaki na nusu kichwa.

— Kukabidhi wafuasi? akauliza. Wanakabidhiwaje? Unawapanga mstari, wanahesabiwa, wanapanda lori?

— Barua ilikuja lini? akauliza Mheshimiwa.

— Leo ni siku ya sita.

— Siku ya sita! Na wewe unakuja kunywa kahawa?

— Nakuja kuwapa heshima ya kunishauri, mzee wangu. Mimi mwenyewe sina wasiwasi.

Nilikuwa sina wasiwasi kweli, mwenye wasiwasi alikuwa dada. Siku mbili cherehani ilikuwa kimya. Alikuwa amekaa mbele ya rundo la foronya, wembe mkononi, akiitazama ile nembo ya pindoni, afumue au asifumue. Akifumua, miaka minne imekwenda, na aanze tena kama mtu asiyejulikana na mtu. Asipofumua, kesho zinakuja hizo hatua kali, na hakuna aliyejua zina ukali gani. Niliwaeleza hayo, ila nilieleza kwa haraka, maana sauti ilitaka kunisaliti na kijana kama mimi ana sifa za kulinda.

— Barua ina mhuri? akauliza Mheshimiwa.

— Ina mhuri.

— Wa duara au wa mraba?

— Wa duara.

— Basi ni mambo mazito. Wa mraba ningekwambia ni posta tu.

Chaji alikuwa akitikisa kichwa muda wote kama anayewahurumia watoto.

— Ninyi mnaangalia mhuri, akasema. Hamjiulizi anataka nini. Mwenye usingizi hana haja na foronya, jamani. Anataka kujua watu wanalala saa ngapi. Simu yako iko wapi ukilala, Mkasi?

— Chini ya mto.

— Ahaa! Na mto uko ndani ya nini?

— Foronya.

— Umeona? Mkoromo wako umeshafika kwake. Mwakani wanafunga mita kwenye mito. Kila ukigeuka, inasoma.

— Mimi na mke wangu tunalalia mto mmoja, akasema Mkasi. Mita itamsoma nani?

— Itamsoma mwenye nyumba, akaamua Mheshimiwa.

— Mwenye nyumba ni mama mkwe!

— Basi kalale kwenu.

Yule mteja wa nusu kichwa akaomba amaliziwe. Mkasi akamwambia asubiri, nchi ina matatizo.

— Mimi naona mbali zaidi, akaendelea Mkasi. Leo wamechukua usingizi. Kesho atatokea mtu ana cheti cha neno "kunyoa". Pale juu ya mlango wangu nitaandika nini?

— Andika "Tunapunguza Vichwa", nikamshauri.

— Nani atakaa kwenye kiti changu, wewe mtoto?

— Wadeni wako.

— Badilisheni jina, akasema Chaji. Acheni ubishi. Iteni Lepe.

— Lepe ni la nani? akamrukia Mheshimiwa. Lepe ni la usingizi! Mwenye shamba ndiye mwenye mahindi. Watadai na lepe, watadai na ndoto, na ukipiga miayo hadharani utaitwa shahidi.

— Basi iteni Macho.

— Foronya inaitwa Macho, ataninunulia nani? nikauliza.

— Walinzi. Walale huku wanaona.

Hapo ndipo mashauri yalipopamba moto. Mheshimiwa alitaka tujibu kwa wino mwekundu, kwa sababu katika miaka yake kumi na moja hakuwahi kuona mtu aliyeandikiwa kwa wino mwekundu akabaki na raha. Chaji alitaka mtaa mzima tuzime simu siku saba, hao jamaa wakose pa kusikilizia. Mkasi ndiye aliyekuwa na la kishujaa: twende ofisini kwao watu kumi, wote tumenyolewa upara, tukae mapokezi bila kusema neno.

— Watu kumi wenye upara, akasema, hakuna anayewauliza miadi.

— Ofisi yenyewe iko wapi? nikamwuliza.

Akaigeuza barua mbele, akaigeuza nyuma. Hakukuwa na mtaa wala jengo. Palikuwa na nembo ya tai aliyeshika mizani, maneno "Idara ya Ulinzi wa Alama", namba ya simu na mhuri. Saini ilikuwa kama mtu aliyejaribu kalamu.

— Wakubwa hawaandiki wanakokaa, akasema Chaji kwa heshima.

— Sikilizeni, nikasema, nikasimama juu ya benchi ili nionekane. Mimi siogopi tai aliyechorwa. Niachieni mimi. Kesho nawapigia, nawauliza usingizi wameununua duka gani na risiti iko wapi.

Wakanipigia makofi, hata yule mteja. Nakwambia ukweli, nilipendeza.

Nilikuwa bado juu ya benchi alipofika yule mama. Alikuwa na mfuko mkubwa wa plastiki umebanwa kwapani, na usoni kachoka. Ni fundi cherehani, anakaa nyuma ya karakana ya magari, na watu humwita Mama Mito. Anashona foronya na vifuniko vya viti, anazipiga picha kwa simu yake na kuwatumia wateja wake anaowajua. Ukurasa hana. Huniita mara mojamoja nimpelekee mzigo.

— Shikamoo mama, nikamwamkia, nikashuka.

— Marahaba, mwanangu. Namtafuta dada yako. Nimesikia naye kaletewa barua.

— Barua ya nini? akauliza Mkasi, ingawa alikuwa ameishika.

— Ya usingizi.

Wote tukamtazama. Akakaa penye tundu la kitasa, akatia kidole, akaufungua mfuko. Ndani mlikuwa na foronya zilizofumuliwa pindo, uzi unaning'inia, na kwenye kona ya mfuko konzi ya vitambaa vidogo. Niliviokota. Viliandikwa "Usingizi Mnono".

— Thelathini na sita, akasema. Nimefumua kwa wembe siku nne, usiku hata kulala sikulala. Picha nimezifuta zote. Wateja wakiuliza nawaambia naumwa. Ila kuna jambo linanisumbua, ndiyo maana nimekuja.

Mkasi alimwita dada kwa sauti, nyumba ya pili, mtaa wote ukasikia. Dada akaja na uzi begani, macho mekundu, akamsalimia Mama Mito, akakaa pembeni yake. Mama Mito akatoa barua yake, iliyomfikia kwa simu naye akaichapisha. Dada akaichukua yetu kwa Mkasi. Wakaziweka magotini, moja kando ya nyingine, na sisi wanaume tukainama juu yao kama tunaangalia mechi.

Tai yule yule, mizani ile ile. Hata saini ilikuwa ile ile, imekaa mahali pale pale mpaka nukta ya mwisho.

— Soma namba ya usajili, dada, akasema Mama Mito. Yenu.

Dada akasoma tarakimu sita.

— Na yangu ni hiyo hiyo. Sasa soma imesajiliwa mwaka gani na kwa bidhaa gani.

— Yetu wameandika miaka mitano iliyopita. Mashuka na foronya.

— Yangu wameandika miaka kumi na miwili iliyopita. Vifuniko vya viti.

Chaji akafungua mdomo. Mheshimiwa akamziba kwa kiganja.

— Namba moja, akasema Mheshimiwa polepole, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakukohoa kwanza. Namba moja haiwezi kuzaliwa mara mbili. Mimi nimebeba majalada miaka kumi na moja. Jalada lina namba yake, na namba ina tarehe yake. Ukikuta tarehe mbili, mtu kakaa nyumbani kwake akaandika.

— Cheti chenyewe mmewahi kukiona? akauliza Mama Mito. Maana mimi sikukiona. Nilisoma "hatua kali" nikachukua wembe.

Siku sita! Siku sita za barua, kisha kikao kizima cha mita, na mito, na upara, na wino mwekundu, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema: tuonyesheni karatasi. Nilikuwa karibu kabisa kulisema mimi, wazo lilikuwa limeshafika hapa kooni. Mama alinitangulia tu.

Dada akaninyooshea mkono.

— Nipe simu.

— Andika kwa ukali, akasema Mkasi. Wajue wamegusa nani.

— Anza na "Mheshimiwa", akasema Mheshimiwa.

— Usiandike kitu, akanong'ona Chaji. Tayari wameshasikia.

Dada hakumsikiliza yeyote. Aliandika kwa kidole kimoja, tukausoma ujumbe wake kabla hajautuma: "Barua yenu tumeipata, mimi na mwenzangu. Namba ya usajili ni moja, miaka na bidhaa ni tofauti. Tutumieni nakala ya cheti na anuani ya ofisi yenu. Mpaka tuvione, jina linabaki, ukurasa unabaki. Nakala ya barua zote mbili kesho tunaipeleka ofisi ya usajili wa alama za biashara tukaulize." Akaweka majina yao wawili chini.

— Ni hayo tu? akauliza Mkasi kwa masikitiko. Hata tusi dogo?

— Ni hayo tu, kaka.

Na kesho yake walikwenda kweli. Niliwapeleka mimi, yaani niliwaonyesha kituo cha gari na nikawapungia mkono. Dirishani karani aliandika ile namba, akaitafuta, akawaambia ni ya kiwanda kimoja cha rangi za ukutani, na jina si Usingizi wala halijakaribia. Neno lenyewe, akasema, halina mtu aliyeliandikisha kwa foronya. Akawapa fomu wakitaka kuandikisha lao, Usingizi kwa dada na Usingizi Mnono kwa mwenzake, kila mmoja na mchoro wake. Fomu zilikuja kujazwa pale pale benchini, Mheshimiwa akishika kalamu, na kila penye nafasi ya "kazi" alitaka kuandika yake.

Siku ya saba ikafika, hatua kali hazikufika. Ya nane, kimya. Siku ya tisa ile namba ya simu ikawa haipatikani. Dada alianza kushona saa mbili asubuhi, na nikwambie, mlio wa cherehani hiyo ni mzuri kuliko redio ya Chaji. Mama Mito alizirudisha nembo zake pindoni, zote thelathini na sita, dada akimsaidia kupiga pasi. Wateja waliambiwa ugonjwa umepona.

Siku hiyo ya tisa tulifanya sherehe ya kijiwe. Mkasi alipika kahawa chupa mbili, na hakudai asikilizwe. Mimi nilisimulia vita yote kuanzia mwanzo, mara tatu, kila mara mimi nikiwa mrefu zaidi. Mheshimiwa akatoa hukumu kwamba kijiwe kimeshinda kesi kwa gharama za upande wa pili. Dada na Mama Mito walikaa pamoja kwenye tundu la kitasa, wanacheka.

— Huyu mdogo wako, Mama Mito akamwambia dada, ana maneno mengi, lakini ana moyo.

— Maneno ndiyo mengi, akajibu dada.

— Mtoto mzuri. Tangu juzi mizigo yangu anaibeba bure, ananikatalia hata nauli. Kisha akakizungusha kikombe. Ila jambo moja bado linanikera, jamani. Ninyi mna ukurasa, anayepita anauona. Mimi sina. Namba yangu wanayo wateja wangu tu, watu ninaowajua kwa sura. Hao jamaa waliipata wapi?

Mkasi akatazama mashine yake. Mheshimiwa akavua miwani. Hata Chaji, mtu mwenye jibu la kila kitu, mtu aliyewahi kunithibitishia kwamba pasi ya dada inapeleka habari, aliitazama kwanza balbu ya saluni.

— Simu zinasikiliza, akasema mwishowe, lakini alisema bila nguvu, kama anayeuliza.

Mkasi akaitikisa chupa ya pili. Ilikuwa tupu. Watu wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja.

Sasa hapa ndipo huwa naishia ninaposimulia. Watu hupiga makofi, nami naondoka zangu. Lakini wewe umenisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza hata mara moja, na ni tabia mbaya, inamfanya mtu aseme.

Barua ile niliiona mimi kabla ya dada, kwa sababu nywila ya ukurasa ninayo mimi. Ilikuwa siku ya kwanza, saa moja na dakika nane asubuhi, dada yuko bafuni. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaenda kufunga mlango kwa komeo, mimi huyu huyu wa juu ya benchi. Nilifikiri watakuja siku hiyo hiyo. Nikawajibu haraka, kabla dada hajatoka: wakubwa, samahani, sisi ni wadogo sana, kuna mwenzetu naye anatumia jina hilo, anzeni na yeye kwanza, namba yake hii hapa. Nikaiandika yote, tarakimu kwa tarakimu, kutoka kwenye simu ninayompigia nikimpelekea mizigo. Mwishoni nikaweka kile kikatuni cha viganja viwili vilivyofumbatana. Wakanijibu: asante kwa ushirikiano.

Ujumbe nimeufuta. Mama Mito hajui, dada hajui, na jana nimembebea mzigo mwingine akaniita mtoto mzuri.